Pazia Ndani ya Mfuko

Maoni ya kwanza yalifika Jumanne saa nne asubuhi, Mama Mkasi akiwa na pini sita mdomoni, kwa hiyo hakuweza kutukana.

"Mama," mkwe wake alisema akiwa ameinamia simu, "kuna mtu ameandika kwenye ukurasa wetu."

"Mmh?"

"Anasema: 'Gauni zuri ukiwa mbali. Ukisogea, kola ya kushoto imeizidi ya kulia nusu kidole. Fundi alikuwa anagombana na mtu siku hiyo.'"

Mama Mkasi alizitoa zile pini moja moja, akazichomeka kwenye kijimto alichofunga mkononi, taratibu, kama askari anayepanga risasi. Maana kweli siku ile kola iliposhonwa alikuwa anagombana na mtu. Alikuwa anagombana na Chaki, mkataji wake wa vitambaa, juu ya nani ameikalia futi ya kupimia. Wakatafuta asubuhi nzima, wakaitana majina, na futi yenyewe ilikuwa shingoni kwa Mama Mkasi, chini ya mkasi. Sasa mteja wa mtandaoni, aliyeko huko aliko, amejuaje?

"Nani huyo?"

"Anajiita Jicho la Mteja. Hana picha ya uso. Ameweka picha ya sindano."

"Mfute."

"Mama, tukimfuta watu watasema tunaficha kitu."

"Na tukimwacha?"

Mkwe aliinamia simu tena. Alikuwa binti mpole mwenye kidole chepesi, na ukurasa ule ulikuwa wake kuanzia herufi ya kwanza. Yeye ndiye aliyekuwa anapiga picha magauni, anayatundika mtandaoni, na chini ya kila picha anaandika: Maoni yako ni muhimu kwetu. Mama Mkasi aliyakubali maneno hayo bila kuyafikiria, kama alivyolikubali lile "Karibu tena" lililochorwa mlangoni. Aliona ni pambo tu, ni lesi ya maneno.

Kwani kwenye duka lile, maoni hayakuwa na pa kukaa. Mteja aliyerudi kusema kiuno kinabana alitazamwa kuanzia unyayo hadi utosini, akaambiwa, "Kiuno ni kilekile nilichokipima mimi. Wewe ndiye umehama." Aliyesema mkono ni mfupi aliambiwa aache kunyoosha mikono, hakuajiriwa kuongoza magari. Watu wakacheka, na mwenye gauni akacheka pia, asionekane mzigo. Ndiyo maana Mama Mkasi alikuwa akijisifu kila penye watu wawili: "Miaka ishirini na mbili nashona, na hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika."

Chumba cha mbele kilikuwa na kioo kirefu, benchi na pazia la kubadilishia nguo. Cha nyuma kilikuwa na cherehani tatu, meza ndefu ya Chaki, na kwenye kona ya dirisha ilikuwepo pasi ya Mvuke.

Mvuke ndiye aliyekuwa roho ya duka, ingawa Mama Mkasi asingelisema hilo hata angefinywa. Walianza kazi pamoja wakiwa wasichana, chini ya fundi mmoja mkali aliyewafundisha kwa kuwapiga vidole kwa rula. Mkasi akaendelea na mkasi, Mvuke akashika pasi. Gauni la Mama Mkasi likitoka kwenye cherehani lilikuwa kama mtu aliyeamka sasa hivi. Likipita kwa Mvuke linakuwa limeoga, limechana nywele, linakwenda harusini. Wao wawili walikunywa chai kwenye kikombe kimoja kikubwa, wakipokezana. Waliitana shoga, na kila mmoja alimzikia mwenzake mume.

Mvuke aliyasikia maoni yale kutoka kwenye kona yake. Alilowesha kidole kwa ulimi, akaigusa pasi, ikalia tss.

"Kola ile kweli ilikuwa imezidi, shoga," alisema.

Mama Mkasi akageuka. "Uliona?"

"Niliipiga pasi mimi."

"Ukanyamaza?"

"Ulikuwa umekasirika. Nani akuguse?"

Neno lile lilimwingia Mama Mkasi sikioni likakaa humo kama chawa.

* * *

Wiki ile hakupata raha. Alhamisi Jicho la Mteja aliandika tena: "Zipu imeshonwa kwa uzi wa rangi mbili. Juu mweusi, chini bluu iliyoiva. Walidhani hatutageuza." Jumamosi akaandika: "Cherehani yao moja inaruka. Kila mishono kumi na miwili inaruka mmoja. Mkanda umelegea. Waukaze." Chaki alikwenda kuushika mkanda wa cherehani ya kona. Ulikuwa umelegea kama soksi ya mzee. Akaukaza, na cherehani ikaacha kuruka. Badala ya kushukuru, Mama Mkasi alimtazama Chaki kwa jicho la pembeni.

"Umejuaje pa kukaza?"

"Si ameandika, Mama Mkasi?"

"Ameandika mkanda. Hakusema wa cherehani gani. Wewe umekwenda moja kwa moja."

Chaki, mwanamume mrefu mwenye vumbi jeupe kwenye nyusi mwaka mzima, alirudi kwenye meza yake. Mwenye akili hajibishani na mtu aliyevaa mkasi shingoni.

Basi ikawa ni kuviziana. Mama Mkasi alikihamisha kiti chake akakipa mgongo ukuta, ili awaone wote. Chaki akitoka kwenda msalani na simu, anahesabiwa dakika. Mkwe akitabasamu peke yake mbele ya simu, anaulizwa, "Nini kinachekesha? Tuambie na sisi tucheke." Binti anasema ni mume wake amemtumia kichekesho, mume ambaye ni mtoto wa Mama Mkasi mwenyewe, na bado Mama Mkasi anataka akione kichekesho. Akakiona. Hakikuchekesha. Akazidi kutilia shaka.

Mvuke yeye hakubeba simu msalani wala hakutabasamu. Alipiga pasi. Na hilo ndilo lililomkera Mama Mkasi kuliko yote, maana mtu asiye na la kuficha, kwa hesabu zake, angekuwa ameshaapa mara tatu kwamba si yeye.

Na kadiri siku zilivyokwenda, wale waliobonyeza kwamba wameyapenda maneno ya Jicho la Mteja waliongezeka. Kumi na wawili. Thelathini. Arobaini na mmoja. Mama Mkasi alimwambia mkwe amsomee majina yao. Yalikuwa ya wateja wake. Mwenye saluni. Mwalimu. Yule mjane wa magauni mapana. Watu waliokuwa wakisimama mbele ya kioo chake wakisema, "Limenikaa, Mama Mkasi, asante sana."

"Wamenunuliwa," alisema.

"Na nani, Mama?"

"Ndiyo natafuta."

Jumatatu akatega mitego mitatu.

Kila mmoja alimwita pembeni, akamnong'oneza kosa la uongo kwenye kazi iliyokuwa mezani, magauni ya kijani ya wanakwaya. Chaki aliambiwa, "Mkono mmoja nimeushona ndani nje, usimwambie mtu." Mkwe aliambiwa, "Zipu hizi nimezitoa kwenye nguo kuukuu, iwe siri yetu." Na Mvuke, huku wakipokezana kikombe cha chai, aliambiwa, "Shoga, bitana imeniishia. Mifuko ya ndani nimeweka kipande cha pazia. Nani atageuza mfuko?"

Mvuke alimtazama kwa muda. Kisha akasema, "Haya," akarudi kwenye pasi yake.

Mama Mkasi alikaa kwenye kiti chake, mgongo ukutani, akasubiri kuona ni kosa lipi litakalotokea mtandaoni. Lakini mtu anapotafuta uongo wa haraka, haendi nao mbali. Anachukua kilicho karibu. Hakujiuliza hata kidogo lile wazo la pazia limemjia kutoka wapi.

Jumatano, saa tano kasoro, benchi la mbele likiwa na wateja wanne, mkwe alishusha simu polepole.

"Soma," Mama Mkasi alisema.

"Mama, labda baadaye..."

"Soma!"

"'Leo nimekuta kali kuliko zote. Mfuko wa ndani umeshonwa kwa pazia. Pazia, jamani!'"

Mama Mkasi akasimama. Wanasema damu huchemka. Yake ilikwishachemka zamani, sasa ilikuwa inafurika. Alikwenda hadi kwenye kona ya dirisha, mlango wa chumba cha mbele ukiwa wazi, na mbele ya wateja wanne, Chaki na mkwe, akasema maneno ambayo hayana haja ya kurudiwa yote. Alisema nyoka. Alisema amemlisha kwa kikombe chake. Alisema miaka ishirini na mbili amekaa na msaliti akidhani anakaa na ndugu. Alisema toka.

Mvuke hakulia wala hakuapa. Aliichomoa pasi kwenye umeme, akaisimamisha wima ipoe. Akakikunja kile kitambaa cheupe alichokuwa akikilaza juu ya nguo asiziunguze, akakitia kwenye mkoba wake, kwa kuwa kilikuwa chake. Alipofika mlangoni akageuka.

"Shoga, umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya," alisema, kama alivyosema Jumatatu, akaenda zake.

Na kama hilo halikutosha, Mama Mkasi akamsimamia mkwe begani, akamwandikisha: Tumemwondoa mfanyakazi aliyekuwa akitoa siri za kazi. Sasa tuko salama. Karibuni wote. Binti aliandika neno kwa neno. Watu sitini na tatu wakasoma kabla ya saa nane.

* * *

Alhamisi pasi ilishikwa na Chaki. Aliunguza kola mbili na kidole kimoja, na kidole kilikuwa cha kwake. Magauni ya kwaya yalitundikwa ukutani yamekunjana nyuso, kama watu waliopewa habari mbaya. Kikombe kikubwa cha chai kilibaki nusu hadi jioni. Mama Mkasi alikunywa upande wake, akafika katikati, akainua macho atafute wa kumpokeza.

"Angalau sasa amenyamaza, huyo Jicho," alisema.

Ijumaa asubuhi Jicho la Mteja alizungumza.

Kumbe chini ya yale maneno ya pazia mtu mmoja alikuwa ameandika, "Acha kutia chumvi, weka picha." Na Jicho la Mteja, bila haraka, akaweka picha. Mkwe aliitazama kwa muda mrefu. Akaivuta kwa vidole viwili ikawa kubwa.

"Mama. Hili gauni si la kijani."

"Unasemaje?"

"Ni jekundu lililoiva. Lebo ni yetu. Mshono umefumuliwa, mfuko umegeuzwa nje. Na pazia lenyewe..." Binti aliikuza zaidi. "Ni la bluu, lina ndege weupe. Mama, samahani, hili si lile la chumbani kwako? Lile ulilosema limeliwa na panya?"

Mama Mkasi alichukua simu akaisogeza, akaiweka mbali, akaisogeza tena. Ndege walikuwepo. Alimjua hata yule aliyekatwa kichwa na mshono.

Ikamrudia. Msimu uliopita, gauni jekundu la muuguzi. Bitana ilimwishia saa tisa, muuguzi anakuja saa kumi. Akakimbia chumbani kwake, akachukua lile pazia kuukuu, akakata, akashona, akageuza. Hakumwambia mtu. Alijisifu moyoni kwa ujanja, halafu akasahau. Na juzi, alipotafuta uongo wa kumtegea shoga yake, mkono ulichovya mfukoni ukatoka na kitu chake mwenyewe.

Jasho jembamba lilimtoka puani. Lakini shaka aliyoizoea mtu haimtoki kwa siku moja. Labda Mvuke alikuwa anajua. Labda amemwambia mtu. Labda yuko mahali na huyo mtu sasa hivi, wanacheka.

Akavaa viatu vya kutokea, akaenda hospitali kumtafuta muuguzi.

Alimkuta kwenye korido, amebeba treya ya vidonge. Muuguzi, mwanamke anayewachoma watu wazima sindano bila kupepesa, alipomwona Mama Mkasi na mkasi wake shingoni alirudi nyuma hatua mbili.

"Shikamoo, Mama Mkasi. Mimi sijasema kitu."

"Marahaba. Gauni lako jekundu liko wapi?"

"Lipo! Limenikaa vizuri sana. Linapendeza mno. Limekaa tu... limebana kidogo kwenye makwapa, lakini ni mimi, nimehama, nimehama mwenyewe..."

"Liko wapi, mwanangu?"

Muuguzi aliangalia kulia na kushoto. "Kwa Kiraka," alinong'ona. "Anatuongezea upana kidogo. Tunapeleka kwake wote."

"Wote kina nani?"

"Mama Mkasi, nina wagonjwa wananisubiri."

* * *

Kiraka alikuwa na kibanda nyuma ya stendi, kati ya muuza betri na mtengeneza mabegi. Alikuwa mzee mkavu, amevaa miwani iliyofungwa kwa waya. Alishona chochote kilichochanika: viatu, mikoba, mahema, suruali. Alikuwa ameinamia sketi, anafumua kwa wembe, nyuzi zikimwangukia magotini.

"Karibu, dada. Zipu au kisigino?"

"Mimi ni Mama Mkasi."

"Najua. Mkasi huo hapo."

Mama Mkasi hakuketi. Macho yake yalikuwa yamekwama ukutani. Misumari ilipigwa mstari mzima, na kwenye kila msumari nguo. Lile jekundu la muuguzi. La mwenye saluni. La mwalimu. La mjane. Yalikuwa kumi na moja, yote ya mkono wake, yametundikwa kama wagonjwa wanaosubiri daktari.

"Ni wewe," alisema. "Wewe ndiye Jicho la Mteja."

"Ni mimi," Kiraka alisema, wala hakuacha kufumua.

"Nani anakuletea habari za duka langu?"

"Magauni."

"Usinitanie, mzee. Nani alikwambia nilikuwa nagombana na mtu siku ya ile kola?"

Kiraka alimpa ile sketi mkononi. Ilikuwa kazi ya fundi mwingine, si ya kwake. "Pitisha kidole hapa. Unasikia? Mishono imekaa raha. Sasa pitisha hapa. Imejikunja, imekaza. Mtu akiwa na hasira anauvuta uzi. Wewe ni fundi, unauliza nini?"

Mama Mkasi alipitisha kidole. Alisikia. Alikuwa amefundishwa hayo kwa rula, zamani.

"Na la pazia? Nani alikwambia?"

"Pazia lenyewe. Nilifungua mfuko, ndege wakanitazama." Alivua miwani, akaipangusa. "Dada, kwani umemfukuza mtu? Niliona mmeandika mmemwondoa mfanyakazi aliyetoa siri. Nikajiuliza, siri gani? Nguo ikishavaliwa barabarani, ina siri gani tena?"

Mama Mkasi akakalia ndoo.

"Kwa nini hukuja kuniambia mwenyewe, kimya kimya, mtu na mtu?"

"Nilikuja. Mwaka juzi. Umesimama mlangoni umeshika kiuno. Nikasema, 'Dada, zile zipu zako...' Ukasema, 'Nenda kashone ndala.' Watu wakacheka. Nikaenda kushona ndala."

"Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka. Halafu juzi juzi mjukuu wangu akanionyesha ukurasa wenu. Chini ya kila picha mmeandika maoni yetu ni muhimu. Nikasema, haya, labda wamebadilika. Nikaanza kutoa." Akaichukua ile sketi, akaurudisha wembe kwenye mshono. "Sikuwa na nia mbaya. Mkanda mliukaza?"

"Tuliukaza."

"Niliona. Mshono haurukiruki tena."

Mama Mkasi alitaka kumwambia wewe si mteja wangu, hujawahi kununua kwangu hata leso. Neno likamfika kwenye meno. Akayatazama magauni kumi na moja ukutani, akalimeza. Wateja wake wote walikuwa wakipita hapa kwa siri, kama watu wanaokwenda kwa mganga, kisha wanarudi dukani kwake kusema asante. Na yeye alikuwa akilinda mlango usiingiliwe na mtu mbaya, huku wateja wazuri wakitokea dirishani.

"Lile la muuguzi," alisema hatimaye, "usilimalize. Nitalifanya mwenyewe."

"Ameniambia nisikupe."

"Kwa nini?"

Kiraka alirudi kufumua sketi. Mama Mkasi akaondoka bila gauni.

* * *

Mvuke aliishi kwenye chumba kimoja kilichofunguka kwenye ua wa wapangaji, mlango wa tatu. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa anapiga pasi mashuka ya jirani juu ya meza ya kulia. Pasi ilikuwa ndogo, ya kuazima, na alikuwa akiidharau waziwazi.

"Hodi, shoga."

"Karibu, tajiri."

Hilo "tajiri" lilimchoma kuliko kofi. Mama Mkasi alikaa kwenye ukingo wa kitanda bila kukaribishwa, kwa sababu kiti kilikuwa na mashuka.

"Nimekosea," alisema.

"Umekosea nini?"

"Si wewe."

"Hilo nalijua tangu Jumatano. Kingine?"

Mama Mkasi akamweleza yote: muuguzi, Kiraka, misumari, ndege. Mvuke alisikiliza huku akikunja shuka kona kwa kona. Mama Mkasi alipofika kwenye ndege, Mvuke aliinua mkono.

"Walikuwa wanane," alisema. "Wanne kila mfuko. Mmoja hana kichwa."

Mama Mkasi aliinua uso. "Uliwaona?"

"Nani alilipiga pasi gauni lile? Nililigeuza ndani, nikawaona, nikaligeuza nje. Nilimwambia nani? Miezi saba nimekaa nao moyoni. Halafu Jumatatu unakuja kuninong'oneza habari ya pazia. Nikasema, lo, leo shoga yangu anatubu. Kumbe ananitega."

Uani mtu alikuwa anakung'uta mkeka.

"Rudi," Mama Mkasi alisema. "Chaki ameunguza kola mbili."

"Umekuja kwa ajili ya kola?"

"Nimekuja..." Ulimi uliokuwa mwepesi miaka yote ukagoma kama punda. "Chai inabaki nusu," alisema, na macho yakamlowa, akayafuta kwa haraka kwa mgongo wa mkono, akijifanya ni mvuke.

Mvuke hakulainika, au kama alilainika alilificha vizuri. "Ulinitoa mbele ya watu. Binti yangu alinisomea kwa simu lile tangazo lenu akiwa kazini kwake, wenzake wanasikiliza. Siwezi kurudi kwa mlango wa nyuma."

"Nimelifikiria hilo. Tazama." Mama Mkasi alitoa simu ya mkwe, aliyoipitia dukani kabla ya kuja, akafungua maneno yaliyoandaliwa. Mvuke aliisogeza simu mbali na uso, akasoma taratibu, kwa sauti, kama anayetafuta mahali uzi ulipokatika.

"'Wateja wetu wapendwa. Kufuatia hali ya kutoelewana iliyojitokeza...' Nani kaandika?"

"Mimi."

"Shoga."

"Mkwe."

"'Kutoelewana.' Nani hakuelewana na nani? Mimi nilikuelewa vizuri sana, ulisema nyoka." Akairudisha simu. "Futa. Andika wewe mwenyewe, hapa, mbele yangu. Sikuamini ukiwa mbali."

"Unanishuku?"

"Sana."

Mama Mkasi aliishika ile simu kama mtu aliyekabidhiwa kifaranga. Shule aliishia darasa la saba, na tangu hapo mkono wake uliandika vipimo tu: kifua, kiuno, urefu. Akaanza kwa kidole kimoja. Herufi zilimkimbia, akazifukuza. Mvuke alivuta kiti, akamwaga mashuka kitandani, akakaa ubavuni kwake, jicho kwenye kioo cha simu.

Mpiga pasi wetu hakutoa siri yoyote, aliandika.

"'Yoyote' ni sawa. Endelea."

Kosa lilikuwa langu. Lile pazia nililishona mimi. Nilimsingizia. Mwenye nguo yangu inayombana alete nitengeneze bure wala sitasema neno.

"Wala hutasema neno?" Mvuke aliuliza. "Wewe?"

"Nitajitahidi."

"Basi andika hivyo. Usiwadanganye watu tena."

Akafuta, akaandika: nitajitahidi nisiseme neno. Kidole kikasimama juu ya kitufe.

"Nitume?"

"Ngoja nisome tena." Mvuke alisoma mara ya pili. Alisoma mara ya tatu. Akaiacha pasi ya kuazima ikipoa mezani, akayachukua mashuka ya jirani ayamalizie kukunja, akarudi, akasoma mara ya nne, huku Mama Mkasi amekaa pale ukingoni mwa kitanda, amenyoosha kidole, anasubiri kuambiwa.